Majina ya Nairobi ni ushahidi, tuyahifadhi

Wapo wanaodai kwamba Nairobi ni mji usio na historia; eti ulizaliwa na reli mnamo 1899, basi. Dai hili huwa nalisikia hata kutoka kwa wanafunzi wangu wa uzamili. Jibu langu ni moja: sikilizeni majina.

Nairobi ni neno la Kimaasai lenye maana ya maji baridi. Mji huu upo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mito yake hushuka kutoka nyanda za juu za magharibi. Wajenzi wa reli walitua hapa kwa kuwa palikuwa na maji na uwanja tambarare kabla ya kuukwea mlima kuelekea Bonde la Ufa. Wafugaji walikuwa wameshapajua na kupaita jina kitambo. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwasukuma Wamaasai mbali na malisho yao mengi. Watu wakahamishwa, lakini jina likabaki.

Ukitoka mjini kati kuelekea Kangemi na Uthiru, unapita Waiyaki Way. Abiria wangapi wa matatu wanajua Waiyaki wa Hinga alikuwa nani? Alikuwa kiongozi wa Wakikuyu aliyekubaliana na Frederick Lugard mnamo 1890, ngome ya Waingereza ikajengwa Dagoretti. Urafiki huo haukudumu. Ngome ile iliangamizwa, nyingine ikajengwa Kabete, na mnamo 1892 Waiyaki akakamatwa. Alifariki Kibwezi akipelekwa pwani. Barabara nzima imebeba kisa hicho, nasi twaitaja kila siku tukilalamikia msongamano!

Katika Kenyatta Avenue, ambayo zamani iliitwa Delamere Avenue, limesimama jengo la mawe la 1913 liitwalo Kipande House. Humo Waafrika walisajiliwa na kupewa kipande, cheti cha kazi walicholazimishwa kuvaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Serikali yetu imeleta neno kitambulisho, tena zuri. Lakini mitaani bado utasikia, "Umebeba kipande?" Lugha haijasahau.

Je, majina yana faida gani zaidi ya kumbukumbu? Tazama Kibra. Wanubi, wazawa wa askari Wasudani wa jeshi la mkoloni, walipaita hivyo kwa maana ya msitu. Maafisa wakaandika Kibera. Wazee wa Kinubi hawakuchoka kusema kwamba jina ni Kibra na ardhi ni yao. Eneobunge likaitwa Kibra katika uchaguzi wa 2013, na mnamo 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Sisemi jina pekee ndilo lililoleta ardhi, la hasha! Nasema kwamba jamii iliyoshikilia jina lake haikuwa rahisi kufutwa.

Leo maghorofa yanachipuka Kilimani na Kileleshwa, mengi yakipewa majina ya miji ya Ulaya. Mwenye jengo ana uhuru wake. Ila vijito, vilima na mabonde yaliyo chini ya majengo hayo yana majina ya Kimaasai na Kikuyu ambayo hayamo katika ramani nyingi. Wanaoyajua ni wazee. Ndugu msomaji, kama unaye mzee wa Riruta, Kawangware au Ngong, muulize na uandike. Jina likifa, anayekuja kudai historia yake atamwita nani shahidi?