Kicheko cha Kashasha: Mwili Ulipotangulia Kusema

Leo tunatoka visiwani, tunakwenda mpaka Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, Muleba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kiligeuka kilio, kikatulia, kisha kikarudi. Shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Kwa wengine hali hiyo ilidumu saa chache, kwa wengine hadi siku 16. Walimu hakupatwa hata mmoja.

Wasichana wakarudishwa makwao, na kicheko kikafuatana nao. Nshamba walipatwa watu 217 mwezi wa Aprili na Mei. Juni kikaingia shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba: 48 kati ya 154.

Madaktari Rankin na Philip walitafuta sumu na vijidudu, hawakuona kitu. Mwaka 1963 waliandika kuwa chanzo kilikuwa nafsini, kikaenea kwa watu kuonana. Hakufa mtu.

Basi ilikuwaje? Akili ni kama nyumba zetu. Ina sebule, tunapompokea mgeni na kuchagua maneno, na ina uani, tunapoweka yale tusiyotaka yaonekane. Katika miaka ya 1840 daktari James Braid wa Uskoti alieleza kuwa anayelazwa usingizi wa hipnosisi hashikwi na nguvu za macho ya mtu. Fikra zake hukusanyika mahali pamoja, na neno analoambiwa hupita sebuleni likafika uani. Kashasha hakuna aliyewalaza wasichana. Lakini binti mwenye hofu akimwona mwenzake anacheka, kule kuona tu kunatosha kuwa neno.

Wachunguzi wa baadaye wanataja dhiki: watoto wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, chini ya sheria kali, na wasio na uwezo wa kusema "nimechoka". Hawakuwa wakijifanya. Mwili ulisema kwa niaba yao.

Tunaandika haya kwa sababu ya bibi harusi. Yuko ndani, anasingwa, ngoma inapigwa, mara anaanguka au anacheka huku analia. Wengine husema ana shetani, wengine husema anadeka. Dua tusiache, na daktari tumwite. Lakini somo yake, au mama yake, aombe watu watoke, akae naye peke yake, amuulize taratibu: mwanangu, ndoa hii umeridhia? Kuna unachoogopa?

Kisha amsikilize mpaka mwisho. Ridhaa yake ni haki yake, na afadhali tuisikie kabla ya nikaha kuliko baada yake.