Mrututu na Chokaa: Chimbuko la Dawa ya Ukungu

Mrututu, ambao wanakemia huuita salfeti ya shaba, ni chumvi inayopatikana pale oksidi ya shaba inapomenyuka na asidi ya salfuriki. Fuwele zake za buluu hubeba maji ndani yake, na zikipashwa moto maji hayo hutoka, ukabaki unga mweupe ambao hurudia ubuluu wake mara unapodondoshewa maji. Viwandani hutumika kupaka metali nyingine ngozi ya shaba kwa njia ya umeme na kutenganisha madini ya zinki na mawe. Lakini ni shambani ulikoacha alama kubwa zaidi.

Mwaka 1807 Mfaransa Bénédict Prévost alionyesha kwamba ugonjwa unaogeuza punje za ngano kuwa vumbi jeusi husababishwa na kuvu, na kwamba shaba kidogo tu iliyoyeyuka majini huzuia vijimbegu vya kuvu hiyo visiote. Ugunduzi huo, uliostahili kuitikisa elimu ya kilimo, haukuthaminiwa na wataalamu wa zama zake. Ilipofika 1878 ukungu wa mizabibu kutoka Amerika ulionekana Ufaransa, nao ukaanza kupukutisha majani ya mashamba mazima. Mwaka 1882 Alexis Millardet, profesa wa botania wa Bordeaux, aliona huko Médoc kwamba mizabibu iliyo kando ya barabara ilikuwa bado na majani yake, kwa kuwa wenye shamba waliinyunyizia mrututu uliochanganywa na chokaa ili wapita njia waogope kuchuma zabibu. Baada ya majaribio aliyosaidiwa na mkemia Ulysse Gayon, alitangaza mchanganyiko wake mwaka 1885.

Siri ilikuwa kwenye chokaa. Mrututu mtupu huunguza majani na kuoshwa na mvua, ilhali chokaa huuondolea ukali wa asidi na kuigeuza shaba kuwa utando usioyeyuka upesi, unaoganda jani na kuachia shaba kidogo kidogo, kiasi cha kuua vijimbegu kabla havijapenya. Dawa za shaba zilikuja kutumika pia katika kahawa ya Kenya na Kilimanjaro dhidi ya kutu ya majani na chulebuni.

Hata hivyo shaba haiozi. Kila upuliziaji huongeza akiba yake ardhini, ambako ikizidi huwadhuru minyoo na viumbe wengine wanaorutubisha udongo, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika muda wa miaka 7.