Maskani na Unga katika Barabara ya Zambia

Njia iliyoifikisha heroini Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ilijengwa kwa nia njema. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyokamilika mwaka 1975, pamoja na barabara ya lami inayopanda Kitonga na kupita Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kisha Makambako na Uyole hadi Tunduma, zilikusudiwa kuiondoa Zambia katika utegemezi wa bandari zilizoshikwa na tawala za walowezi. Heroini, yaani unga unaotokana na utomvu wa mmea wa afyuni, ilianza kuenea katika miji ya pwani katika miaka ya 1980, ikiletwa kwa njia ya bahari kutoka Asia, na sehemu ya shehena hiyo ikaendelea kwa barabara kuelekea Afrika Kusini, huku kiasi kikibaki njiani.

Huko bara, unga ulikuta maskani. Neno hili, ambalo wengine hulitaja kama kijiwe, lina maana ya mahali wanapokutana vijana wa mtaa mmoja kusubiri vibarua, kugawana sigara na kuchangishana mwenzao anapougua au kufiwa. Bangi ilikwishazoeleka huko, kwa hiyo kokteli, yaani msokoto wa bangi au tumbaku uliochanganywa na heroini, haikuonekana kuwa kitu kigeni ilipopita mkono hadi mkono. Vivyo hivyo kete, kifurushi kidogo kinachotosha dozi moja au mbili, ilinunuliwa kwa mchango, kama ulivyonunuliwa unga wa ugali. Urafiki haukuwa kinga. Ulikuwa ndio mlango wenyewe.

Kilichowafunga pamoja baadaye ni arosto, hali inayompata mtumiaji saa chache baada ya dozi kuisha: miayo mfululizo, kamasi, jasho, tumbo kukata, vinyweleo kusimama na mifupa kuuma, maumivu ambayo katika baridi ya Juni ya Mbeya ndugu wa nyumbani huweza kuyadhania homa ya kawaida. Mwenzake wa maskani hadanganyiki, na humpunguzia sehemu ya dozi yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, heroini nyeupe inayoyeyuka kirahisi majini ilipoleta desturi ya kujidunga, huruma hiyo ikaanza kuua. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba Dar es Salaam baadhi ya wanawake, baada ya kujidunga, walivuta damu yao ndani ya bomba la sindano na kumpa rafiki asiye na fedha, wakiamini kuwa itamtuliza arosto. Katika mkoa wa Iringa, ambako utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta maambukizi ya VVU yamepita asilimia 15 ya watu wazima, hasa kwa njia ya ngono, bomba moja la kuchangia lilikuwa na hatari kubwa zaidi.

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilitanguliza adhabu, tiba ilichelewa. Methadoni, dawa ya maji inayozuia arosto na kunywewa kila siku mbele ya mhudumu, ilianza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 na kufika Mbeya mwaka 2017. Kwa kijana wa Iringa wakati huo, zaidi ya kilomita 300 kutoka dirisha la dawa la Mbeya, kupona kulimtaka ahame mji, na kuwaacha wale wale waliokesha naye alipokuwa akitetemeka.