Jinsi ya kujenga GCC na linka yake kutoka sosi kodi, bila paswedi ya admini

Hili linawakuta vijana wengi wanaojifunza C na C++ huku Kinondoni na Temeke: mashine ina Linux, kompaila yake ni ya kizamani, na mwenye paswedi hapatikani. Dawa ni kujenga kompaila yako ndani ya folda yako mwenyewe. Mfumo wa mashine haguswi mtu.

Kama paswedi unayo na Linux yako ni Debian au Ubuntu, usijitese. Andika sudo apt install build-essential, mambo yameisha. Maelezo haya ni kwa asiyenayo, anayetaka toleo jipya zaidi, au anayetaka kujua kompaila inatoka wapi.

NANI ANAFANYA NINI

Kompaila (gcc) inageuza kodi yako kuwa lugha ya asembli. Asembla (as) inaigeuza hiyo kuwa faili la .o. Linka (ld) inaunganisha mafaili ya .o na maktaba, ndipo unapata programu inayokimbia. as na ld zimo kwenye kifurushi cha binutils. Kwa hiyo binutils kwanza, gcc baadaye.

Kompaila hujengwa na kompaila nyingine. Angalia kama ipo: gcc --version na g++ --version. GCC 13.2.0 tunayoijenga hapa inataka g++ inayoelewa C++11. Pia hakikisha make ipo.

DANLODI MARA MOJA TU

Bando ni hela, kwa hiyo chukua vyote safari moja kutoka ftp.gnu.org. binutils-2.42.tar.xz ni kama MB 27, na gcc-13.2.0.tar.xz ni kama MB 86. Tumia wget -c, ili mtandao ukikatika uendelee pale ulipoishia.

Kwenye flashi beba mafaili hayo yakiwa bado yamefungwa. Flashi nyingi ni FAT32, na FAT32 haitunzi ruhusa za mafaili. Ukiyafungulia humo, skripti zitagoma. Ukifika, pima kwanza:

xz -t gcc-13.2.0.tar.xz

Ikikaa kimya, faili ni zima. Kuhakikisha kwamba halijachezewa, danlodi na faili lake la .sig pamoja na funguo za GNU, kisha tumia gpg --verify.

HATUA ZENYEWE

Diski iwe na nafasi ya GB 10 hivi.

tar xf binutils-2.42.tar.xz
mkdir jenga-bin && cd jenga-bin
../binutils-2.42/configure --prefix=$HOME/zana
make && make install
export PATH=$HOME/zana/bin:$PATH
cd ..

Neno --prefix ndilo siri ya mchezo: kila kitu kinaingia kwenye folda ya zana iliyo kwako. Sasa GCC:

tar xf gcc-13.2.0.tar.xz
cd gcc-13.2.0 && ./contrib/download_prerequisites && cd ..
mkdir jenga-gcc && cd jenga-gcc
../gcc-13.2.0/configure --prefix=$HOME/zana --enable-languages=c,c++ --disable-multilib --disable-bootstrap
make && make install

Ile skripti inaleta GMP, MPFR, MPC na ISL, ambazo GCC inazitumia kwa hesabu na kuboresha kodi. Inahitaji intaneti, kwa hiyo iendeshe ukiwa bado una mtandao. --disable-multilib inaruka maktaba za biti 32, ambazo huangusha wengi. Kwa kawaida GCC hujijenga mara 3, kisha hulinganisha raundi ya 2 na ya 3 kuona kama zinafanana. --disable-bootstrap inaondoa raundi hizo. Unaokoa masaa, ila unapoteza ukaguzi huo.

Mwisho, weka ule mstari wa export kwenye ~/.bashrc, la sivyo kesho utaikuta gcc ya zamani.

VIMEO VYA KAWAIDA

1. Umeme umekatika katikati. Usianze upya. Rudi folda ileile uandike make, itaruka zilizokwisha. Faili lililokuwa linaandikwa linaweza kubaki tupu, kwa hiyo kwanza:
find . -name '*.o' -size 0 -delete
Ikiendelea kulalamika, futa folda ya jenga-gcc peke yake. Sosi usiiguse.

2. Kosa lenye neno "Killed". RAM imeisha. Kama ulitumia make -j4, rudi kwenye make ya kawaida.

3. "GLIBCXX not found" unapoendesha programu yako. Inasoma maktaba ya zamani. Kompaili ukiongeza -Wl,-rpath,$HOME/zana/lib64.

FAIDA YAKE NINI?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hakuna kampuni iliyoombwa ruhusa. Sosi ilikuwa wazi, wakatafsiri, wakatoa toleo lao. Lakini sosi iliyo wazi inamfaa anayeweza kuijenga. Asiyeweza atabaki kusubiri mwingine amtengenezee. Ukishajenga kompaila, kujenga programu nyingine nyingi ni hatua zilezile tatu: configure, make, make install.

Ukikwama, bandika hapo chini mstari wa kwanza wenye neno "error", siyo wa mwisho. Wa mwisho huwa ni matokeo tu. Chanzo kiko juu.