Kutoka Ngoma Hadi Diski: Historia ya Breki za Motokaa

  Somo la historia mlilolisikia redioni sasa mnalo mkononi. Lisomeni polepole, na penye neno gumu mwulizeni mwalimu wa darasa.

Leo hatutasema habari za masultani wala za vita. Tutasema habari za breki. Pengine mmoja wenu atacheka, aone kuwa hiyo ni kazi ya mafundi tu. Lakini fikiri, ndugu yangu. Kila mtu anayepanda gari Ruangwa kwenda Nanganga, au Nachingwea kwenda Masasi, ameweka roho yake juu ya kitu asichokiona, kilichojificha ndani ya gurudumu. Watu husifu injini, nao hawaulizi gari litasimamaje.

Kwanza, breki hufanya nini? Sugua viganja vyako kwa nguvu, uhesabu mpaka kumi. Unasikia joto. Breki hufanya hivyo hivyo: kitu kigumu husugua chuma kinachozunguka, na mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Basi kazi ya breki ni kubeba joto na kulitupa nje upesi. Breki isiyoweza kulitupa haifai, hata ikiwa mpya.

Tufanye hesabu kidogo. Lori la tani 10 likishuka mlima wa mita 300, na breki peke yake ikalizuia lisiongeze mwendo, joto litakalotoka linatosha kuchemsha maji baridi kiasi cha lita 90. Hizo ni ndoo nne kubwa na nusu! Kwa kweli injini na upepo hubeba sehemu ya kazi hiyo, ikiwa dereva ameingiza gia nzito. Lakini ukijua hesabu hii utafahamu kwa nini gurudumu la lori lililotoka mlimani halishikiki kwa mkono.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Katika mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alitengeneza breki ya ngoma. Ilikuwa na jina hilo kwa haki, maana ni chungu cha chuma kilichofunikwa, kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita brekishu. Dereva akikanyaga, vipande hivyo hutanuka na kusugua ukuta wa ngoma kwa ndani.

Mwaka huo huo Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa breki ya namna nyingine. Yeye aliweka sahani ya chuma inayozunguka, ikabanwa pande zote mbili, kama unavyobana karatasi kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo breki ya diski. Lakini vibanio vyake vilikuwa vya shaba, vikaliwa upesi na vumbi la barabara, tena vikapiga kelele. Watu wakaiacha, wakaishika ngoma kwa miaka hamsini. Angalieni hapo: wazo la pili lilikuwa jema, lakini kitu cha kulitengenezea kilikuwa hakijapatikana.

Basi ngoma ndiyo iliyofika kwetu kusini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Malori yalikuja, na matrekta, na hata vifaru vya vita vya Kimarekani aina ya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kiwanda cha Vickers huko Uingereza. (Kifaru, kwa taarifa yenu, hakina usukani kama motokaa. Huzuiwa mnyororo wa upande mmoja, nacho hugeukia upande huo. Kwake yeye breki ndiyo usukani.) Reli ilifika Nachingwea mwaka 1949. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, kwa hasara kubwa, na mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Tangu hapo korosho na ufuta wetu hutegemea barabara, na barabara hutegemea breki. Wazee wengi wa Nachingwea hulijua tuta la reli lilipopita. Vijana waulizeni.

Wakati huo huo, mbali sana na Nachingwea, watu wengine walikuwa wakihangaika na breki kwa sababu ya michezo. Huko Ufaransa, katika mji wa Le Mans, yapo mashindano ya motokaa yanayokwenda saa 24 bila kukoma, mchana na usiku, madereva wakipokezana. Katika njia ile palikuwa na sehemu iliyonyooka kiasi cha kilomita 6, na mwisho wake kona kali. Dereva alifika pale kwa kasi kama ya ndege inayotua, akalazimika kupunguza mwendo karibu wote kwa sekunde chache, kisha baada ya dakika tano kadhaa akarudi tena pale pale. Fanya hivyo usiku kucha!

Tatizo la ngoma likaonekana wazi. Mwendo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne, si mara mbili. Motokaa ya kilo 1,000 ikisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hutoa joto la kuchemsha maji robo tatu ya lita. Ikisimamishwa kutoka kilomita 160, huchemsha lita 3. Ngoma imefunikwa kama chungu, basi joto hukaa ndani. Chuma kikipata moto hutanuka, na ngoma ikitanuka huzikimbia brekishu zake. Dereva hukanyaga, mguu ukaenda chini zaidi na zaidi, na gari halipungui. Diski nayo ikipata moto hunenepa kuelekea vibanio vyake, tena iko wazi, upepo unaipiga.

Kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilikwenda kwa watu wa Dunlop, waliokuwa wamekwisha tengeneza breki za diski kwa magurudumu ya ndege. Mjaribu magari Norman Dewis aliendesha mchana kutwa, akikanyaga na kukanyaga. Mwanzoni mafuta ya breki yalichemka ndani ya mabomba, yakafanya mvuke. Na mvuke hubonyea, kwa hiyo kanyagio likazama bila kazi. Wakatengeneza, wakaharibu, wakatengeneza tena. Mwezi Juni 1953 madereva Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda Le Mans kwa Jaguar yenye diski, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 170 hivi kwa saa.

Jambo ninalolipenda mimi katika habari hii si ushindi wao, bali gari lililotoka la tatu. Lilikuwa gari la Kimarekani la Cunningham, na katika njia iliyonyooka lilikuwa na kasi kuliko Jaguar. Lakini lilikuwa na ngoma. Dereva wake alilazimika kuanza kukanyaga mapema, huku mwenzake wa Jaguar angali anakwenda. Kwa hiyo gari lenye kasi zaidi lilishindwa na gari lililojua kusimama.

Baada ya hapo diski ziliingia katika magari ya watu. Citroën DS ya Kifaransa ilizipata mwaka 1955 katika magurudumu ya mbele, na Triumph TR3, gari dogo la michezo la Kiingereza, mwaka 1956.

Na Afrika Mashariki je? Majuma machache tu kabla ya ushindi ule wa Jaguar, mwishoni mwa Mei 1953, yalianza kwetu mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapa adui hakuwa mwendo peke yake. Baadaye Safari ilifanywa Pasaka, wakati wa masika. Matope na maji yaliingia ndani ya ngoma, na ngoma yenye maji huteleza kama kiganja chenye sabuni. Hata hivyo, mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544, aina ambayo ilitoka kiwandani na ngoma katika magurudumu yote manne. Msione ajabu. Dereva mwenye akili huipa breki yake nafasi ya kupoa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lenye diski mbele na ngoma nyuma, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina ile ile.

Kwa nini diski ziwekwe mbele? Gari likisimama ghafla, uzito wake huinamia mbele. Abiria wa basi analijua hilo kwa kifua chake. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba kazi kubwa, basi ndiyo yanayopewa breki bora. Breki ya nyuma ikizidi ya mbele, magurudumu ya nyuma hushikwa kabisa, na gari huzunguka kama pia. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaonunua motokaa kuukuu na kutaka kuifunga breki kubwa za gari la mbio: usibadilishe upande mmoja bila kuufikiria wa pili. Tena pedi za mashindano hazishiki mpaka zipate moto. Huko Le Mans zinafaa sana. Lakini mbele ya soko la Nachingwea, mtoto akikatiza njia, pedi baridi ya namna hiyo ni mbaya kuliko ya kawaida.

Jingine ni hili. Diski huhitaji kubanwa kwa nguvu zaidi kuliko ngoma, kwa hiyo motokaa nyingi husaidia mguu wa dereva kwa nguvu inayotoka katika injini. Injini ikizimwa, msaada huo hukauka baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Dereva anayezima injini na kuachia gari lishuke mlima ili kuokoa mafuta ameondoa vitu viwili kwa pamoja: gia iliyokuwa ikilizuia gari, na msaada wa breki. Kanyagio huwa gumu kama jiwe. Akiokoa lita moja ya mafuta, mwulize ameiokoa kwa bei gani.

Malori makubwa mengi ya kwetu bado yana ngoma hata leo, zinazosukumwa kwa upepo ulioshindiliwa. Huo si upumbavu. Ngoma ni pana, hudumu, na humzuia mchanga asiingie kwa urahisi. Kwa mzigo mzito na mwendo wa wastani inafaa, maadamu dereva ashuke na gia nzito. Lakini pikipiki zetu zimeanza kuhama. Bodaboda nyingi zina ngoma mbele na nyuma, na nyingine zina diski mbele. Mwenye diski afahamu kuwa kuna kichupa kidogo cha mafuta kwenye usukani, na kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu hewani. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya kutosha huweza kuchemka kwa nyuzi 140. Ni tatizo lile lile alilokutana nalo Dewis.

Wapo watu waliotia mafuta ya injini ndani ya kichupa cha breki kwa sababu chupa mbili zilifanana na hawakuweza kusoma maandishi. Mafuta ya injini huvimbisha mipira iliyomo ndani ya breki, na baada ya siku chache breki hung'ang'ania au hukataa kabisa. Na fundi anayepuliza vumbi la brekishu kwa mdomo aache. Brekishu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Alowanishe kwa maji, afute kwa kitambaa.

Kazi ya darasa. Mwalimu aombe kwa fundi chupa tupu ya mafuta ya breki na chupa tupu ya mafuta ya injini, aziweke mezani pamoja. Kila mwanafunzi atafute katika chupa ya breki herufi D, O na T, ambazo ni kifupi cha jina la Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliyoweka kipimo hicho. Aisome tarakimu inayofuata, 3 au 4, aiandike katika daftari. Kisha asome mfuniko wa kichupa cha pikipiki yoyote yenye diski iliyo nje ya darasa, aone kama tarakimu ni ile ile.