Majitaka katika karavani na magari-nyumba
Majitaka ya karavani na magari-nyumba ni ya aina mbili: ya sinki na bafu, na ya choo. Ya kwanza huhifadhiwa katika tangi chini ya gari. Mafuta na mabaki ya chakula ndiyo hasa huleta uvundo humo, hivyo vyombo hufutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Kinyesi huingia katika kasha la lita 20 hivi, linalochomolewa kupitia kimlango cha ubavuni na kumwagwa kwenye kituo maalumu, kamwe si mtaroni. Dawa za choo zenye formaldehaidi ni za kuepukwa, kwani huua bakteria wanaoozesha uchafu katika mashimo ya kambi. Nchini New Zealand, sheria ya 2023 huyataka magari yanayosajiliwa kuwa ya kujitegemea yawe na choo kisichohamishika.