Agave ndogo: Mmea wa jangwani unaouawa na maji

MIMEA mingi ya bustani hufa kwa kiu. Agave ndogo, kinyume chake, hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi. Anayeumwagilia mmea huu kila jioni kama sukuma wiki huenda akaung'oa ukiwa umeoza kabla ya msimu wa mvua kumalizika.

Asili ya agave ni bara la Amerika, hasa Mexico. Hata hivyo, jamii hii si ngeni kwetu, kwani mkonge unaotupa katani ni agave pia. Mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka wa 1893 katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara. Mashamba ya mkonge ya Taita-Taveta yanadhihirisha jinsi mimea hii inavyostahimili ukame. Lakini mkonge ni mkubwa mno kwa kiwanja cha nyumba ya mjini, na ndiyo maana wakuzaji huchagua jamaa zake wafupi.

Mmojawapo ni Agave victoriae-reginae, uliopewa jina la Malkia Victoria wa Uingereza. Upana wake huwa kati ya sentimita 30 na 50, na majani yake manene yana michirizi myeupe. Agave parviflora ni mdogo zaidi, wa takriban sentimita 20, na kingo za majani yake huning'inia nyuzi nyeupe.

Siri ya uvumilivu wake imo majanini. Majani huhifadhi maji, na vitundu vyake vya kupitishia hewa hufunguka usiku wakati wa baridi, hivyo unyevu unaopotea ni mchache. Mizizi, kwa upande wake, huhitaji hewa. Ikikaa katika tope huoza. Ukiona majani ya chini yakilegea na kugeuka manjano, chunguza mizizi mara moja.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, uliotapakaa sehemu nyingi za Nairobi, haufai kwa sababu hushika maji kwa siku nyingi. Changanya sehemu mbili za mchanga mkavu usio laini au kokoto ndogo na sehemu moja ya udongo wa kawaida. Bustanini, inua tuta la kama sentimita 30, panda shina likiwa juu kidogo ya ardhi, kisha uzungushie kokoto.

Kwa wanaopanda katika vyombo, chungu cha udongo uliochomwa ni bora kuliko cha plastiki, kwa kuwa hukauka upesi. Sharti kiwe na matundu chini na kisizidi sana ukubwa wa mmea. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie hadi udongo ukauke kabisa. Mvua za masika zinapoanza, sogeza vyungu chini ya upenu.

Agave hutaka jua la saa sita au zaidi kwa siku, lakini mche uliotoka kivulini uzoeshwe hatua kwa hatua usije ukaungua. Aidha, vaa glavu unapouhamisha: miiba huchoma na utomvu huwasha ngozi. Penye watoto, kata ncha za miiba.

Aina nyingi huzaa machipukizi yanayoweza kutengwa na kupandwa. Agave ya Malkia Victoria huyatoa kwa nadra, hivyo hukuzwa zaidi kwa mbegu. Biashara ya kimataifa ya aina zote mbili inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa hivyo muulize muuzaji iwapo mche umekuzwa kitaluni.

Agave hizi huchanua mara moja tu maishani. Ile ya Malkia Victoria yaweza kuchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutoa mkungu mrefu wa maua, na baada ya hapo hufa. Mbegu zikikomaa, zivune mapema na uzipande kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kwa kawaida huota baada ya wiki mbili au tatu.